Kanuni ya Jumatano

Jumatano saa moja jioni mimi ndiye mwenye funguo.
Mlango wa nyuma wa kituo cha zamani cha zimamoto,
hapa Herne, mji uliochimba makaa hadi makaa yakausahau.
Nawasha taa mbili kati ya nne, umeme tunachangishana,
napangusa makombo ya wiki jana,
na mvua ya Novemba inabisha kabla ya watu.

Kwanza Detlef, dereva wa tramu, bado yumo ndani ya sare.
Kisha Gundula wa duka la dawa na biskuti zake ngumu,
siri ambayo hakuna aliyemfunulia.
Zbigniew huja na makasha matatu kwapani
na maoni manne juu ya kila kasha.
Ottmar huja mwisho. Tangu Machi huja peke yake,
hutundika koti kwenye msumari ule ule,
na msumari wa pili tumeuacha wazi
bila kuambiana.

Mchezo wetu ni ule wa mto:
ubao uliokunjwa hadi mkunjo ukawa bonde la pili,
magunia ya mbao, kila moja kama punje ya hindi,
dadu mbili, moja iling'atwa na mbwa wa Gundula.
Unapanda shayiri, unauza chumvi, unajenga gati.
Dadu zikilingana, mto unafurika:
nusu ya magunia yako humwendea jirani wa kushoto.
Ndivyo tulivyocheza miaka kumi na mmoja.
Tumenuniana kwa ajili ya magunia hayo,
Detlef aliwahi kuondoka bila kofia,
na viti tunavigombea: nani akae
kushoto kwa mwenye mkosi.

Jumatano iliyopita akaja mtoto, Jorinde, miaka kumi na miwili.
Mama yake ana zamu ya usiku hospitalini
na shangazi yake ni Gundula, basi.
Akaomba kijitabu cha kanuni. Sisi hatukisomi,
tumekikunja chini ya mguu wa meza isiyumbe.
Akakichomoa, meza ikayumba,
akasoma midomo ikimcheza, kisha akasema:
"Mbona hapa hapana jirani?
Magunia yanarudi sandukuni."

Zbigniew alivaa miwani, akavua, akavaa.
Ukurasa wa sita, mstari wa tatu: sandukuni.
Kutenda kosa si kosa, kosa kurudia kosa,
nasi tumelirudia kila Jumatano, pamoja na biskuti.
"Nani alitusomea mara ya kwanza?" akauliza Detlef,
na nilimwona akitamani kuumeza ulimi.

Roswitha. Mwenye msumari wa pili.

Sheria ni msumeno, alinong'ona Zbigniew,
basi tukacheza kama ilivyoandikwa.
Dakika arobaini tu. Mto ulifurika mara tano,
magunia yakaenda sandukuni, tik, tik,
hakuna aliyemlaani mtu, hakuna aliyemshukuru.
Detlef alishinda. Aliutazama ushindi wake
kama mtu aliyerudishiwa chenji ya sarafu za ng'ambo.

Ottmar hakuwa amesema neno. Alikikunja kijitabu,
akainama kwa taabu, akakirudisha chini ya mguu wa meza,
akaujaribu ubao kwa kiganja.
"Roswitha hakusoma kitu bila miwani," alisema.
Hakuongeza. Hatukuuliza
kama alikosea, au kama alitutazama sisi wanne,
wageni siku ile, kila mtu amekumbatia kikombe chake,
akaona sanduku halina haja ya chumvi.

Tukapanga upya, saa tatu na nusu, chai imepoa.
Jorinde akakaa kushoto kwa Ottmar,
ndicho kiti kilichobaki.
Ottmar akarusha: tatu na tatu.
Akahesabu magunia yake, kumi na manne,
akasukuma saba kuvuka mkunjo wa ubao.
Mtoto akayaangalia, akaangalia kule chini ya meza,
kisha akayavuta haraka, kwa mikono miwili,
kama mtu anayeogopa kwamba tutakumbuka.